Damu ya Farasi Haingoji

Tulimzika Mzee Barasa Jumamosi iliyopita kwao Bukhayo, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema jambo lilelile, kwamba marehemu alikuwa na jicho kali. Katekista alisema, mwenyekiti wa kamati ya mazishi alisema, hata kijana mmoja aliyetumwa na ofisi ya mifugo, ambaye nina hakika hakuwahi kumwona mzee akiwa hai, alisoma kwenye karatasi kwamba macho yake yaliona yale ambayo wengine hatukuyaona. Nami niliitwa niseme neno kama mtu aliyefanya kazi chini yake. Nikasimama, nikasema alinifundisha kuhesabu, nikaketi. Mjane wake, Mama Consolata, alinitazama kwa muda, kisha akaniinamishia kichwa kidogo, kana kwamba ananishukuru kwa kutosema zaidi. Watu wanaoujua vizuri mwaka ule wa Malaba hawazidi vidole vya mkono mmoja, na vidole hivyo vinapungua. Mimi mwenyewe nimeshafika umri wa kutafuta miwani ilhali nimeivaa. Makaburini si mahali pa kusema kila kitu, lakini mezani kwangu naweza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, cheti changu cha ufundi wa maabara bado kinanukia wino, nilipopangiwa kituo cha kukagua mifugo inayovuka mpaka. Kituo kilikuwa jengo la mabati lenye vyumba viwili, hatua chache kutoka barabara kuu ambako malori yalipanga foleni hadi madereva wakaanika nguo zao kwenye vioo. Chumba kimoja kilikuwa ofisi ya Dakta Omuse, mganga wa mifugo, mtu wa Amagoro, mwembamba, aliyesema polepole na kukasirika polepole. Cha pili kilikuwa maabara yetu. Kati yetu na yeye palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba tulimsikia akivuta droo, akikohoa, akipiga simu Nairobi na kurudia kila sentensi mara mbili kwa sababu laini ilikuwa mbovu. Maabara ilinuka siki kutwa nzima. Ile dawa tuliyotumia kuhesabia chembe nyeupe za damu ilitengenezwa kwa asidi ya siki na rangi kidogo ya zambarau, na harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye sweta, hata kwenye mkate niliobeba. Mpaka leo nikionja kachumbari iliyotiwa siki naona dirisha lile na foleni ile ya malori.

Mzee Barasa ndiye aliyenipokea. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa mrefu, kichwa kimejaa mvi, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya hadubini na kunifundisha upya nilichodhani nakijua. Unavuta damu kwa kijirija chembamba cha kioo hadi alama ya nusu. Unafuta ncha. Unavuta dawa ya siki hadi alama ya juu. Unatikisa dakika tatu, si mbili. Chembe nyekundu zinapasuka na kupotea, nyeupe zinabaki zimepakwa zambarau. Unatupa matone ya kwanza, kisha unagusisha ncha kwenye kioo maalumu kilichochorwa miraba midogo kama shamba lililopimwa, na tone linaingia lenyewe chini ya kifuniko. Unahesabu kwenye miraba minne ya pembeni. Ukipata jumla unazidisha kwa hamsini. Chembe iliyokalia mstari wa juu au wa kushoto, hesabu. Iliyokalia wa chini au wa kulia, iache. "Ukiwahurumia wa mpakani wote," alisema, "utahesabu watu wa Uganda na wa Kenya pamoja." Kisha akacheka peke yake. Kila hesabu ilitiwa sahihi mbili, ya aliyehesabu na ya aliyethibitisha kwa kuitazama mwenyewe. Mimi nilihesabu, yeye akathibitisha. Tangu Januari hadi Mei tulipima ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Ng'ombe hasa. Damu ya ng'ombe ni ya kuaminika. Unaweza kuiacha kwenye rafu ukaenda kula, ukarudi ukaikuta nyekundu vilevile kutoka juu hadi chini. Nilijifunza kazi yangu yote kwa ng'ombe.

Mchana nilikula kwao, nyumba ya tatu katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Mama Consolata alipika ugali wa mihogo na wimbi, mweusi na mzito, pamoja na kunde au samaki wa kukaushwa kutoka Budalang'i, naye hakumruhusu mtu yeyote kula kimya. Mezani pale niliona mambo ambayo sikuyaunganisha. Niliona mama akimwekea mzee mkono juu ya bakuli la mboga. Niliona mzee akisubiri mtu aseme ndipo amwite jina. Kazini alianza kuniomba nimsomee kipimajoto, akisema taa ya chumba imechoka. Alipothibitisha hesabu zangu, aliketi kwenye hadubini kwa muda wa heshima, akazungusha kitasa kushoto, akakizungusha kulia, akasema, "Sawa." Tangu nifike hakuwahi kunikosoa hesabu hata moja. Niliona fahari. Nilidhani nimekuwa hodari.

Farasi walikuja Jumatatu moja katikati ya mvua za masika, saa sita mchana. Walikuwa sita, ndani ya lori lililozungushiwa turubai, kutoka shamba moja nyuma ya Kitale, wakienda kwa mnunuzi wa ng'ambo. Kwa watu wengi wa Malaba farasi alikuwa mnyama wa picha. Waendesha baiskeli wa boda boda waliacha abiria wao wakaja kuning'inia kwenye ua. Mama mmoja wa Tororo aliyekuwa akituuzia ndizi alishika mdomo na kusema, "Banange, ni mkubwa hivi?" Aliyewashusha alikuwa saisi wao, mtu wa makamo aitwaye Kiprono, mwenye kofia ya sufi na sauti ya chini sana, ambaye hakumvuta mnyama yeyote, alitembea tu mbele yao na wao wakamfuata. Wa mwisho alikuwa jike mwekundu aliyeitwa Asali. Alishuka akiyumba. Kichwa kilikuwa kimevimba, pua inatoka maji, na alipopimwa joto Dakta Omuse alikitazama kipimajoto mara mbili.

"Alianza lini?" daktari aliuliza.

"Jana jioni hakula," Kiprono alisema. "Nikafikiri ni barabara. Huyu mimi nimemlea tangu azaliwe, daktari. Akikasirika hakuli."

Daktari aliogopa kitu kimoja, na aliogopa kwa haki. Kuna tauni ya farasi, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wa kuuma, wakati wa mvua, ambao hufurisha kichwa na kujaza mapafu maji na kuua karibu kila farasi unayemgusa. Hauna dawa. Lakini kuna pia ugonjwa wa majipu ya koo, unaoletwa na bakteria, ambao nao hufurisha kichwa na kuleta homa, ila farasi wengi hupona. Siku ya kwanza au ya pili, kwa macho tu, mtu aweza kuchanganya. Damu ndiyo ingesaidia kutenganisha. Virusi vile hushusha idadi ya chembe nyeupe. Bakteria wale huipandisha. Daktari alitoa damu shingoni mwa Asali, akaitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, akakizungushia plasta pana na kuandika juu yake jina, tarehe na saa. Akanikabidhi mkononi. "Nekesa, hii si ng'ombe wa mtu," alisema. "Nenda polepole."

Nilikwenda polepole mno. Nilikigeuzageuza kichupa mara kumi kama nilivyofunzwa, nikakisimamisha kwenye rafu, nikaenda kuosha vijirija upya kwa sababu niliogopa uchafu, nikavikausha, nikachuja dawa ya siki. Ilichukua kama robo saa. Kisha nikafungua kichupa, nikatia kijirija hadi karibu na chini, nikavuta. Plasta ilifunika kioo chote, sikuona ndani. Nikatikisa dakika tatu. Nikahesabu. Kwenye miraba minne nilipata chembe hamsini na nane. Mara hamsini, elfu mbili na mia tisa. Farasi mzima anatakiwa kuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo. Nikahesabu tena tone lilelile, nikapata hamsini na sita. Mzee Barasa akaketi, akazungusha kitasa kushoto na kulia mara nyingi kuliko kawaida. Nilisikia mvua juu ya mabati na pumzi ya mzee. "Sawa," akasema, na akatia sahihi mahali nilipomwekea kidole.

Kupitia ukuta wa mbao tulimsikia daktari akipiga simu. "Elfu mbili na mia tisa," alisema, kisha akarudia. "Ndiyo, imethibitishwa. Imethibitishwa. Mmoja, mkuu, wengine watano hawana homa." Akanyamaza, akisikiliza. "Nimeelewa. Akiugua wa pili, tunamaliza wote. Ndiyo. Afadhali sita kuliko nchi nzima." Simu ikawekwa. Mzee Barasa alikuwa amesimama kando ya sinki akifuta mikono yake, na aliendelea kuifuta muda mrefu baada ya kukauka.

Asubuhi ya Jumanne alikuja askari na bunduki. Agizo lilikuwa mnyama asipasuliwe pale, azikwe haraka kwenye chokaa. Daktari angechukua kipande cha wengu tu, kipelekwe Nairobi, na majibu yangekuja baada ya wiki kadhaa. Shimo lilichimbwa nyuma ya kiwanja, upande wa mto. Asali hakukubali kwenda na mtu mwingine. Alirudi nyuma, akainua kichwa kile kilichovimba, na watu wakaogopa mateke. Basi wakamwomba Kiprono. Alimfunga kamba, akamwambia kitu kwa lugha yake, naye akamfuata mpaka ukingoni. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona Kiprono akigeuza uso huku mkono wake ukibaki palepale kwenye kamba. Mlio ulipokwisha, kwenye foleni ya malori mtu fulani alipiga honi, labda kwa bahati tu.

Jumatano alfajiri imekwisha, jua limeanza kukausha kiwanja, Kiprono akaja mlangoni bila kofia. Farasi wa pili alikuwa na homa, dume mweusi aliyekuwa amesimama karibu na Asali ndani ya lori. Daktari alitoa damu. Safari hii plasta ilikuwa imekwisha. Aliandika kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko. "Askari atafika saa tano," aliniambia. "Nataka hesabu kabla ya saa tatu." Nilikigeuzageuza kichupa, nikakisimamisha kwenye rafu dirishani, nikageuka kuosha vijirija. Mama Consolata alikuwa ameniletea chai ya maziwa na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa, kwa kuwa alijua sijala tangu jana. Nilikunywa chai nimesimama. Kikombe hakijaisha nikageuka, na nikaona kichupa.

Kilikuwa na rangi mbili. Juu kulikuwa na maji ya manjano, maangavu, nusu nzima ya kichupa. Chini damu nyekundu ilikuwa imejishindilia kama tope lililotuama. Katikati yao, nyembamba kama uzi, palikuwa na utepe wa weupe. Nilidhani imeharibika. Nilikigeuza, ikachanganyika vizuri, haikuganda popote. Nikakisimamisha tena na kuangalia saa ya ukutani. Ilianza kuzama mbele ya macho yangu. Damu ya ng'ombe isingefanya hivyo hata ikae hadi mchana. Ule utepe mweupe, nilijua kutoka darasani, ndizo chembe nyeupe zenyewe. Siku ya Jumatatu nilikuwa nimetia kijirija hadi chini, chini ya utepe, mahali ambapo hazipo.

Sikuketi. Nilichanganya kichupa cha dume yule mweusi, nikavuta papo hapo, nikahesabu, nikapata mia tatu na tisini kwenye miraba minne. Kisha nikafungua friji. Kichupa cha Asali kilikuwa bado kimo, na plasta yake. Niliibandua plasta kwa kucha. Nilichanganya damu ile polepole hadi ikawa rangi moja, nikavuta, nikatikisa dakika tatu, nikahesabu. Mia nne thelathini na sita. Mara hamsini. Zaidi ya elfu ishirini na moja. Nikapaka tone la damu hiyo kwenye slaidi, nikaitia rangi, ili kama nitaambiwa nimeota kuwe na kitu cha kuonyesha. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Nilikwenda kwanza nyumba ya tatu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga. Mzee alikuwa anakunywa uji. Nilimweleza nimesimama mlangoni, na alinisikiliza uso wake ukiwa umeelekea kidogo kando ya mahali nilipokuwa.

"Damu ya farasi haingoji," alisema nilipomaliza. "Nilijua hilo kabla hujazaliwa. Nilipima farasi wa wazungu miaka minne kule juu. Ukiacha kichupa ukapiga chafya, imeshazama."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

Mama Consolata aliweka kijiko chini.

"Wewe andika hesabu mpya ya huyu dume," mzee alisema hatimaye. "Iko juu, ni majipu ya koo, watapona. Ile ya juzi iache ilivyo. Yule ameshazikwa, mwanangu. Ukimfukua humwinui."

"Daktari hataamini. Lori moja, homa moja, mmoja chini mwingine juu? Atasema huyu ndio kwanza anaanza. Atawapiga risasi wote."

"Nimebakiza miezi saba tu, Nekesa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji. Ndipo nilipoona jinsi kijiko chake kilivyokuwa kikitafuta ukingo wa bakuli, na miezi mitano yote ikanijia kwa pamoja: kipimajoto, taa iliyochoka, kidole changu kikimwonyesha mahali pa sahihi. Nilijua kwamba nikiingia ofisini kwa daktari, swali la pili litakuwa ni nani aliyethibitisha. Nilimpenda mzee yule. Saa ya ukutani mwao ilikuwa na mlio mkubwa. Nikasema, "Nisamehe, mzee," nikatoka, na nyuma yangu nikamsikia mama akimwambia mumewe kwa Kikhayo, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe, vaa viatu."

Dakta Omuse alisoma karatasi zangu mbili, akazipanga kando ya ile ya Jumatatu. Nilimwambia yote kuhusu kichupa. Hakunikatiza. Alikwenda maabara, akachanganya damu ya Asali kwa mkono wake, akahesabu mwenyewe, akatazama slaidi. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Ni mimi niliyekifunga kichupa plasta," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi ya Jumatatu: "Lakini kuna sahihi mbili hapa. Mzee Barasa amehesabu farasi kabla yetu sote. Yeye aliangalia nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa bado nachagua maneno pale mlango uliposukumwa na Mzee Barasa akaingia, koti limepigwa pasi, mkono mmoja ukigusa ukuta. Mama Consolata alikuwa nyuma yake, akabaki kizingitini.

"Sikuangalia kitu," mzee alisema. "Nilikaa tu kwenye kiti. Sijaona chembe hata moja tangu Krismasi, daktari. Naona mwanga, naona mtu akipita. Msichana huyu amekuwa akihesabu peke yake miezi yote mitano na hajui."

Daktari aliketi. Nje tulisikia gari likiingia kiwanjani na mlango wake ukifungwa. Askari alikuwa amewahi. Hakuna aliyejongea. Kisha Dakta Omuse akainuka, akatoka bila kututazama, na kupitia dirisha nilimwona akiongea na askari kwa muda mfupi, halafu akienda hadi kwa dume mweusi na kumpapasa chini ya taya kwa vidole vya mikono yote miwili, taratibu, kama anayetafuta sarafu iliyoanguka mchangani. Alipata uvimbe mgumu ukubwa wa yai. Siku ya Ijumaa jipu lile lilipasuka lenyewe, na usaha ukatoka hadi Kiprono akacheka. Farasi wanne waliobaki waliugua pia. Wote watano walipona. Majibu ya wengu yalikuja baada ya wiki saba: hakukuwa na virusi.

Niseme kwanza yaliyompata mzee. Alipewa likizo hadi siku yake ya kustaafu, na daktari aliandika sababu moja tu, afya. Hakuna aliyesikia zaidi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nami na daktari tukaitisha upya damu ya kila mnyama tuliyeweza kumpata kati ya waliopita mikononi mwetu tangu Januari. Tulikuta makosa mawili, yote yangu, yote ya ng'ombe ambao walikuwa wameshachinjwa majibu mapya yalipotoka. Miezi saba mzee hakusema nami. Nilikula mchana kwenye maabara, mkate wenye harufu ya siki. Desemba alipasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya misheni, na wiki mbili baadaye alikuja kituoni akiwa na miwani mizito, akaomba kiti, akaketi kwenye hadubini ambako nilikuwa na damu ya mbuzi. Alihesabu miraba yote minne midomo ikimtembea. Tulitofautiana kwa chembe tatu. Alisema mimi ndiye niliyekosea, na tukaenda kula.

Lakini aliyenishinda katika mwaka ule alikuwa Kiprono. Farasi walizuiliwa kiwanjani wiki zaidi ya saba, naye aliishi kando yao ndani ya hema la turubai la lori. Daktari alimwambia kwamba vipimo vya Jumatano vimeonyesha ugonjwa mwepesi na kwamba mimi ndiye niliyeugundua. Hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Kuanzia siku hiyo alikuja dirishani karibu kila asubuhi. Aliniletea mahindi ya kuchoma. Aliniletea maziwa aliyoyanunua kwa mama mmoja wa Kiteso. "Dada, wewe ndio umeokoa hawa," alisema, na aliwaambia waendesha baiskeli, aliwaambia madereva, hata mama wa ndizi akaanza kunipa ndizi ya ziada. Nami nilipokea. Nilisema, "Ni kazi tu," na nikayala mahindi. Kila asubuhi nilijiambia nitamweleza, na kila asubuhi alikuja na kitu mkononi, nikaona nisiharibu siku yake. Sasa najua kwamba niliyekuwa nikimlinda ni mimi.

Siku moja kabla ya kuvuka, majibu ya Nairobi yakiwa yameshafika, nilimwita maabara. Alivua kofia mlangoni. Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa, kichupa, plasta, robo saa, kijirija hadi chini. Nilisema Asali alikuwa na ugonjwa uleule wa hawa watano. Nilisema angepona.

Aliikunja kofia mkononi. Kisha akauliza, "Hiyo kitu unahesabu, mtu anaweza kuona?"

Niliweka slaidi ya farasi mzima kwenye hadubini, nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Alichukua muda kuzoea. "Hizi za zambarau?"

"Ndizo."

"Ni chache."

"Huyo ni mzima."

Nikaitoa, nikaweka slaidi ya Asali. Aliinama tena. Mikono yake miwili ilishika ukingo wa meza. Aliangalia kwa muda mrefu sana, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akiangalia slaidi, na mimi nilisimama kando nikitazama kisogo chake.

"Hata mimi sijaenda shule," alisema bila kuinua kichwa, "naona hizi ni nyingi."

"Ndiyo."

"Alikuwa hataki kwenda. Mimi ndio nilimwambia twende, hakuna kitu."

Aliinuka, akavaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono yote miwili. Kisha akanyoosha kiganja kuelekea hadubini, na nikaelewa anachotaka. Niliifunga slaidi kwa pamba na karatasi, nikampa. Aliitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kifua, akafunga kishikizo, akatoka kwenda kuwapa farasi maji.